Nimedaiwa pauni 740 kwa picha ya nyumbu iliyotolewa Google. Nilipe au nipotezee?

Kijana wa Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Miaka minne nasoma humu kimyakimya, leo yamenifika.

Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Ndogo kweli: Land Cruiser mbili, moja yangu, nyingine ya shemeji. Mwaka juzi nilimpa kijana mmoja laki nne na nusu anitengenezee tovuti. Akaniuliza, "Bosi, picha unazo?" Nikampa za simu yangu, twiga wawili na mgongo wa tembo. Akacheka, akasema nisijali, atatafuta nyingine.

Kazi ikatoka nzuri mno. Ukurasa wa mbele nyumbu wanajitosa Mto Mara, vumbi juu, maji yanapasuka, pembeni mamba katoa kichwa tu. Kuna wageni wawili waliniambia ile picha ndiyo iliyowafanya waniandikie mimi na si kampuni nyingine.

Wiki iliyopita ikaingia barua pepe kutoka ofisi ya mawakili London. Wameambatisha skrini shoti ya tovuti yangu yenye tarehe, na picha yenyewe ikiwa kubwa kuliko ile niliyo nayo. Kwao, chini kulia kuna jina la mpiga picha. Kwangu hicho kipande hakipo, kimekatwa. Wanataka niiondoe na nilipe pauni 740 ndani ya siku 21, la sivyo wanakwenda mahakamani. Hiyo ni zaidi ya milioni mbili za kwetu, na huu ni mwezi wa nne, mvua, hakuna wageni.

Picha nimeiondoa usiku uleule. Sasa naomba kujua: si nimeshaiondoa, deni linatoka wapi tena? Mzungu wa London ananishtaki vipi mimi wa Sakina? Na kwa nini asishtakiwe kijana wa tovuti, yeye ndiye aliyeichukua?

Mzee Kipara

Futa hiyo imeli ulale. Nauli tu ya kuja kukushtaki inazidi hizo pauni. Matapeli hao.

Binti Makorora

Naweka kambi hapa. Ukurasa wangu wa keki picha zote nimeokota Pinterest, jasho linanitoka.

Wakili wa Njiapanda

Nimesomea haya mambo na nayafanyia kazi, ila huu si ushauri rasmi. Mkuu, ukifika pa kulipa tafuta wakili akutazamie nyaraka zako.

Mzee Kipara ana hoja moja, matapeli wapo. Kwa hiyo kabla ya kuogopa, hakiki. Mawakili wa Uingereza na Wales wana msimamizi wao anayeitwa SRA, na kwenye tovuti yake unaweza kutafuta ofisi kwa jina ukaona kama ipo. Usibofye kiungo cha malipo kilichomo ndani ya ile barua. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi, piga, uliza kama shauri lako wanalijua. Tapeli huwa anataka ulipe leo, na kwa akaunti ya ajabu ajabu.

Tuseme ni ya kweli. Hapo mambo yanabadilika.

Hakimiliki haisubiri kusajiliwa. Mtu akibonyeza kitufe cha kamera, picha ikapatikana, haki imeshazaliwa. Mkataba wa Berne wa 1886 ndio unaobeba jambo hili kimataifa. Uingereza wamo tangu mwanzo, sisi tuliingia 1994 na Kenya 1993. Maana yake mbele ya hakimu wa Arusha, picha ya Mwingereza inalindwa kama vile imepigwa na mtu wa Magomeni. Sheria yetu ya Bara ni Namba 7 ya 1999, Sura ya 218, na ofisi yake ni COSOTA. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA. Haki inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Huyo wa London inaelekea bado anakunywa chai.

Sasa "nimeshaiondoa". Kuiondoa kunasimamisha kosa, hakulifuti. Ukilala gesti usiku mbili ukahama asubuhi, usiku mbili zile bado zina bei. Kwenye madai mwenye kazi anaweza kuomba mahakama ikuzuie usiendelee, nakala zikamatwe au ziharibiwe, na alipwe fidia. Fidia mara nyingi inaanzia kwenye swali jepesi: ungekuja kuomba ruhusa, ungelipa shilingi ngapi? Upande wa jinai upo pia, faini au kifungo au vyote, ila hapo sheria inamtazama anayekiuka huku akijua. Kwa ulivyosimulia, wewe uko kwenye madai.

Kijana wa tovuti ana lake. Lakini duka ni lako, jina juu ya mlango ni lako, wateja walikulipa wewe, kwa hiyo mwenye picha ana haki ya kuanza na wewe. Wewe ndiye utakayemgeukia kijana, kama mliandikiana kwamba picha zote ziwe halali. Mliandikiana?

Kijana wa Sakina

Tuliandikiana WhatsApp. "Bosi kazi itakuwa kali."

Wakili wa Njiapanda

Nilijua.

Kuhusu kushtakiwa, hahitaji nauli. Anaweza kumpa kazi wakili wa hapahapa Arusha. Anaweza pia kufungua London, kwenye mahakama ya miliki bunifu yenye dirisha la madai madogo yasiyozidi pauni 10,000. Ni kweli hukumu ya huko haivuki mpaka kwa kuruka kama nyumbu wako, lazima ije na utaratibu wake hadi itambuliwe hapa, na kwa pauni 740 wengi hawahangaiki.

Ila wewe ni mtu wa utalii. Tovuti yako imehifadhiwa wapi? Kama ni Marekani, mwenye picha anaandika notisi moja tu kwa kampuni inayokuhifadhi, kwa sheria yao ya 1998 inayoitwa DMCA, na ukurasa wako unaweza kuzimwa katikati ya Julai wakati wageni ndio wanatafuta. Wakala wa Ulaya anayekuletea wageni naye akipata nakala ya barua hiyo, atakuuliza. Mahakama iko mbali, lakini hayo mawili yako karibu sana.

Mpigapicha wa Namanga

Mnaongea kama vile ile picha iliota kwenye intaneti kama uyoga.

Mimi ni mpiga picha, nitasema ya upande wa pili. Nilishakaa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, siku tano kusubiri nyumbu wavuke mto. Nyumbu wanakuja mpaka ukingoni, maelfu, wananusa maji, mmoja anashtuka, wote wanageuka wanarudi nyikani. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Mafuta unalipa, kiingilio cha hifadhi unalipa, dereva anakula. Siku ya tano wakavuka dakika kumi na moja, nikapata picha tatu za maana. Tatu!

Moja ya hizo niliikuta kwenye kalenda ya kampuni moja hapa mjini, imekatwa chini palipokuwa na jina langu. Nikapiga simu. Mtu wa masoko akaniambia, kwa upole kabisa, "Kaka, sisi si tumekutangaza?" Nikamuuliza, mnamtangazaje mtu mliyemkata jina?

Kesi haikufika mbali kwa sababu nilikuwa na faili ghafi la kamera, lile ambalo aliyedesa hawezi kuwa nalo, na picha ya kabla na ya baada ya ile. Barua moja ya wakili wakalipa. Kwa hiyo mdogo wangu wa Sakina, pole, lakini huyo jamaa wa London nakaa upande wake.

Mzee Kipara

Ukiweka kitu mtandaoni umeshatoa sadaka.

Mpigapicha wa Namanga

Gari likiegeshwa barabarani halijawa daladala, mzee wangu.

Wakili wa Njiapanda

Hilo la kukata jina lisipite hivihivi. Sheria yetu inampa mtunzi haki mbili tofauti. Kuna haki ya kiuchumi, ambayo anaweza kuiuza. Na kuna haki ya kimaadili: atajwe kuwa yeye ndiye mtunzi, na kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Mtu anaweza kukuuzia ruhusa ya kutumia picha na bado akakudai umemkata jina. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani wakishalipa basi.

Flashi 16GB

Wakuu na mimi niulize. Nina kioski karibu na stendi, najaza muvi na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Leseni ya biashara ninayo, TIN ninayo, kodi nalipa. Kosa langu liko wapi?

Wakili wa Njiapanda

Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara, haikupi mali ya kuuza. Mwenye leseni ya bucha hajapewa ng'ombe wa jirani.

Nisikufiche, kati ya wote mliouliza humu, wewe ndiye uliye karibu zaidi na jinai. Wa Sakina anaweza kusema hakujua. Wewe unanakili kila siku, kwa pesa, kazi unazojua ni za watu. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye CD na DVD za filamu na muziki, zile za kubandika, ili halali ijulikane. Halafu watu wakahamia kwenye flashi, ambayo huwezi kubandika kitu. Biashara ikahama, sheria haikuhama.

Na usidhani muziki hauna mwenyewe wa kufuatilia. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu, Tigo, iwalipe wanamuziki AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ilikata rufaa, kwa hiyo usiichukue kama bei ya wimbo. Nimeitaja ili uone kwamba mahakama inaweza kukaa ikapiga hesabu ya mabilioni kwa kitu kinacholia sekunde chache kwenye simu.

Flashi 16GB

Dah. Ngoja nihamie kwenye kuuza kava na chaja.

Riaksheni ya Pwani

Mimi nina chaneli YouTube. Natumia nyimbo sekunde kumi tu, na chini huwa naandika "sina hakimiliki ya wimbo huu, sikusudii kukiuka". Niko salama?

Mkaazi wa Voi

Kaka, hayo maandishi yako ni ungamo! Umeandika mwenyewe kwamba ulijua si wako.

Na hiyo ya sekunde kumi, wengine husema thelathini, hakuna sheria ya Kenya wala Tanzania iliyoiandika. Sekunde tano za kiitikio chenyewe zaweza kuwa ndizo wimbo wote. Sheria hutazama umechukua nini na kwa ajili gani: kunukuu kwa kiasi huku ukitaja chanzo, kuripoti habari, kufundishia, kujisomea nyumbani. Kupamba video yako ili ipate watazamaji si mojawapo.

Kwa upande wa YouTube tenganisha vitu viwili. Kuna dai la mfumo wao wa kutambua nyimbo: video inabaki au inazuiwa, pesa za matangazo zaweza kwenda kwa mwenye wimbo, lakini chaneli haiumii. Halafu kuna onyo lenyewe la hakimiliki, pale mwenye kazi anapoomba rasmi iondolewe. Hayo yakifika matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Ukiona umeonewa unaweza kuleta pingamizi, na aliyelalamika ana siku kumi za kazi kuonyesha amekwenda mahakamani, la sivyo video yaweza kurudishwa. Ila pingamizi hilo unalitia sahihi kwa jina lako la kweli na unakubali mambo ya mahakama za Marekani. Usilijaze kwa hasira.

Huku Kenya, tangu marekebisho ya 2019, notisi ya namna hii imo ndani ya sheria yetu yenyewe: mtoa huduma wa mtandao akipata notisi iliyokamilika, ana saa 48 kuzuia kazi hiyo isifikiwe, isipokuwa aletewe notisi ya kupinga.

Binti Makorora

Jamani na keki? Nimechukua na maelezo ya kupika pia.

Mkaazi wa Voi

Mapishi yenyewe, kwamba unga vikombe viwili na mayai manne, si mali ya mtu. Sheria hailindi wazo wala njia ya kufanya kitu. Inalinda jinsi mtu alivyoandika, na picha aliyopiga. Pika keki ileile, andika kwa maneno yako, piga picha yako dirishani asubuhi. Dada, keki yako mwenyewe unaionea haya kwa nini?

Binti Makorora

Zangu zinainama upande mmoja.

Mdau wa Majengo

Mbona Disney waliiba "Hakuna Matata" yetu na hakuna aliyewashtaki? Sheria ni za kutubana sisi tu.

Wakili wa Njiapanda

Hilo lilizua kelele 2018, watu zaidi ya laki moja wakasaini ombi mtandaoni. Lakini ile si hakimiliki, ni alama ya biashara, iliyosajiliwa Marekani kwa ajili ya fulana. Haimzuii mtu kusema wala kuandika maneno hayo. Maneno mawili ya kila siku hayapati hakimiliki hata yangekuwa matamu namna gani. Kama inaudhi? Inaudhi, hata mimi. Ila ni uzi mwingine.

Mkaazi wa Voi

Nirudi kwenye picha, maana hapa Kenya na Tanzania msizichanganye. Kwetu kifungu cha 31 cha sheria ya hakimiliki kinasema kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa muwe mmekubaliana vingine. Bibi harusi aliyelipa mpiga picha ndiye mwenye picha. Wapiga picha wengi wa Nairobi wanalia na kifungu hiki. Kwa hiyo mkataba uandikwe kabla ya pilau.

Halafu aliyemo ndani ya picha ni habari nyingine. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data Kenya alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hapo aliyepiga picha hakuwa na shida. Aliyepigwa ndiye aliyelalamika. Wa Sakina, ukianza kupachika sura za wageni wako wakiwa garini, waombe kwanza.

Mdau wa Majengo

Si atumie tu za bure? Wikipedia zimejaa.

Mpigapicha wa Namanga

Za bure nyingi zina masharti. Picha za Wikimedia, ghala la picha za Wikipedia, kwa kawaida zinataka utaje jina la aliyepiga na leseni yake, nyingine zinataka na wewe ukiibadilisha uitoe kwa masharti yaleyale. Watu wanachukua, jina hawaweki, halafu wanashangaa. Tovuti za Unsplash na Pexels zina nafuu, soma tu masharti. Google yenyewe haina picha hata moja, inakuonyesha zilipo. Pale kwenye zana za utafutaji kuna sehemu ya haki za matumizi, bofya uone, zinabaki chache.

Wakili wa Njiapanda

Kijana wa Sakina, jibu lako kwa London liwe fupi na la adabu. Waambie picha umeiondoa tarehe fulani. Usiseme uliinunua, usiseme umedukuliwa. Omba wakuonyeshe kwamba mteja wao ndiye mwenye haki na kwamba wamepewa kazi naye. Omba na hesabu: hiyo 740 imetoka wapi, leseni ya picha hiyo kwa tovuti ndogo kwa mwaka ni kiasi gani? Hapo ndipo bei inaposhuka, kwa sababu barua ya kwanza huwa na hewa ndani yake. Na usilipe hata senti kabla hujapata maandishi kwamba ukilipa, madai yameisha.

Kijana wa Sakina

Nimeelewa mkuu. Nakuja na mrejesho.

*(wiki tano baadaye)*

Kijana wa Sakina

Mrejesho, wakuu.

Ofisi ipo kweli, nilipiga simu mwenyewe. Walinitumia barua ya mpiga picha kuwapa kazi, na picha mbili zilizofuatana na ile ya kwangu. Katika ya pili yule mamba kashazama. Nilipoziona sikuwa na la kubisha.

Nilipouliza bei ya leseni wakanyamaza siku tisa. Wakarudi na 520. Nikawaeleza hali, kampuni ya magari mawili, picha ilikaa miezi kumi na minne, nimeiondoa siku ileile niliyoambiwa. Tumemaliza kwa 260, kwa mafungu mawili, na karatasi ya kumaliza madai imesainiwa kabla ya fungu la kwanza. Wakili wa hapa aliipitia kwa elfu hamsini. Kijana wa tovuti nimempata, amekubali kunisaidia elfu themanini na kunitafutia picha nyingine. Hizo picha nyingine nimemwambia aache.

Mzee Kipara, nimelala.

Mzee Kipara

Ungelala bure.

Kijana wa Sakina

Mpigapicha wa Namanga, Agosti gari langu linapanda Kogatende na kiti kimoja kiko wazi. Nakupa kiti na chakula siku tano, wewe unanipa picha kumi za tovuti kwa miaka mitatu. Nimekutumia rasimu ya mkataba pembeni, ukurasa mmoja tu.

Mpigapicha wa Namanga

Nimeiona. Picha kumi nyingi, weka sita. Na ongeza mstari: jina langu chini kulia, halikatwi.